Watoto wakubwa wa kufikia kwenye nyumba moja: anza na kabati, undugu uache kwanza

Nilikuwa na miaka 14 siku niliyorudi shule nikakuta nguo zangu zote zimewekwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko uko juu ya kitanda changu, na nusu ya kabati iko wazi, imefutwa vizuri kabisa bado inanukia sabuni, inamsubiri mtu. Huyo mtu alikuwa mtoto wa mume mpya wa mama, ana miaka 15, na jioni ile ile akaingia na begi lake. Mi sikumchukia kwa kitu alichofanya maana alikuwa hajafanya kitu, nilimchukia kwa ajili ya ule mfuko. Na ilinichukua karibu miaka miwili kuja kugundua kwamba yeye hata hakujua kama kulikuwa na mfuko, aliyenifungashia nguo alikuwa mama.

Naanza na hiyo kwa sababu leo na mimi ni mzazi kwenye nyumba ya namna hiyo hiyo, wangu wawili na wa mke wangu wawili, wote wameshavuka miaka 12, na karibu kila ugomvi wao nikiufukua mpaka chini nakuta mfuko. Yaani kuna kitu mzazi kakiamua bila kumuuliza mtu, afu hasira zinamwangukia yule mtoto mwingine kwa sababu ndo yupo karibu, na kumnunia yeye ni rahisi kuliko kumnunia mama yako.

Watu watakwambia ukipenda boga penda na ua lake. Sawa, ila aliyependa boga ni wewe. Mwanao hakupenda boga lolote, kaletewa tu boga na maua yake yote mlangoni akaambiwa haya, hawa ndo ndugu zako. Kwa hiyo kwenye huu mwongozo hutaniona nikikwambia namna ya kuwafanya wapendane, sijui kama ipo. Ninachokijua ni namna ya kuwafanya waishi bila kuumizana, na hiyo inatosha kabisa kuanzia.

HATUA YA 1: Kila mzazi akaongee na wa kwake

Msiwakusanye wote siku moja kuwatangazia. Mtoto wa miaka 13 akipewa habari kubwa mbele ya watu anaowajua juu juu atatabasamu, atasema sawa, afu atalia bafuni. Kaa na wako peke yenu, muda mrefu kabla ya kuhamia, na usimpe hotuba ya furaha. Mwambie mambo anayoyawaza kweli: ntalala wapi, ntabadilisha shule au la, baba ntamuona siku zipi, mbwa wetu tunaenda naye, nani atajua nenosiri la waifai, huyu baba mpya anaruhusiwa kunigombeza? Na mengine ambayo hamjayaamua mwambie hatujaamua, wewe ungependa iweje.

Usishangae ukiona mdogo wa miaka 7 kapokea vizuri na huyu mkubwa kagoma. Mavis Hetherington, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezifuatilia familia za talaka na za ndoa za pili kule Virginia kwa miaka mingi, aliona kwamba mwanzo wa ujana ndo umri mgumu kuliko mwingine kwa mtoto kumpokea mzazi wa kambo. Ukifikiria inaeleweka tu, ni umri ambao mtoto anajaribu kutoka ndani ya familia akajitafute mwenyewe nje huko, afu ghafla anaambiwa aingie kwenye familia nyingine kabisa.

HATUA YA 2: Vyumba, makabati, droo

Hapa ntakaa sana maana ndipo vita inapopiganiwa.

Kama uwezo upo, hamieni nyumba ambayo ni ngeni kwa wote. Kama haupo, na wengi hatuna, basi jua toka mwanzo kwamba mna makundi mawili ndani. Kuna wenyeji, ambao wanaona wanaporwa, na kuna waliofika, ambao wanaona wako ugenini mpaka wanaogopa kufungua friji. Patricia Papernow, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani aliyetumia maisha yake kwenye familia hizi, analieleza hili kama kuwa wa ndani na kuwa wa nje, na anasema linatokana na muundo wenyewe wa familia wala sio ubaya wa mtu. Mimi lilinisaidia sana hilo, nikaacha kumuona binti wa mke wangu kama ana kiburi alipokuwa anakula kasimama jikoni, nikagundua ni kwamba hakuna kiti mezani ambacho anaona ni chake.

Cha kufanya ni hiki. Mwenye chumba aambiwe mapema na apunguze vitu vyake kwa mkono wake mwenyewe. Hata akichukua wiki nzima kutoa tisheti tatu, mwache. Mgeni naye akija akute nafasi iko tayari, tupu, na kitu kimoja kipya ambacho hakijawahi kutumiwa na mtu, hata kama ni shuka tu. Kila mmoja awe na droo moja au sanduku lenye kufuli, na funguo akae nayo mwenyewe, na wazazi muiheshimu hiyo kufuli (ukiwa na wasiwasi wa kweli kuhusu usalama hiyo ni habari nyingine, lakini udadisi wako sio wasiwasi).

Wakilala chumba kimoja waandike makubaliano. Yaandikwe kabisa, karatasi moja, wabandike nyuma ya mlango. Taa inazimwa saa ngapi. Nani anatumia soketi ipi kuchajia, unacheka lakini kwetu soketi moja ilikaribia kuvunja ndoa. Rafiki akija chumba kinakuwa cha nani kwa masaa mangapi. Muziki ni hedifoni baada ya saa fulani. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanashauriwa kulala masaa 8 hadi 10 kwa usiku, na miili yao yenyewe inachelewa kupata usingizi, sasa mmoja akiwa wa kuamka alfajiri na mwenzie wa kuangalia video mpaka saa sita, asubuhi unapata watu wawili wenye kisirani na wewe unadhani ni chuki za kifamilia kumbe ni usingizi. Makubaliano yawe ya mwezi mmoja tu, yakiisha wakae wayarekebishe, kwa sababu hakuna kijana anayesaini kitu cha maisha.

Mvulana na msichana wa umri huo wasiwekwe chumba kimoja, hata kwa muda, hata kama ni wapole. Sababu iko hatua ya 7.

HATUA YA 3: Majina

Usimlazimishe mtu kumuita mtu kaka wala dada. Sisi kwenye Kiswahili tuna bahati na bahati mbaya kwa pamoja, neno ndugu limebeba watu wengi sana kwa hiyo unaweza kulitupia yeyote na likakaa, lakini pia tuna neno "wa kufikia", na hebu lisikilize vizuri, linakwambia umefika tu, mwenyeji ni mwingine. Mtoto akisikia shangazi anasema "huyu ni wa kufikia" mbele ya wageni anaelewa kila kitu. Ongea na ndugu zako wakubwa waliache midomoni, angalau mbele ya watoto.

Waulize wenyewe watatambulishanaje huko shuleni na kwa marafiki. Mmoja wangu alianza na "naishi naye." Basi. Mke wangu alikereka, mi nikamwambia mwache, si uongo, wanaishi wote.

Kitu kingine ambacho wazazi hatukioni ni kwamba nafasi za kuzaliwa zinavurugika. Aliyekuwa kifungua mimba miaka yote, anayeachiwa funguo, anayekaa kiti cha mbele, anaamka siku moja kuna mtu kamzidi miezi minne. Kitinda mimba aliyezoea kubembelezwa anapata mdogo chini yake. Hamna aliyewaomba ruhusa. Kwa hiyo yale majukumu na vyeo vidogo vidogo alivyokuwa navyo mtoto usimnyang'anye kwa sababu tu kaja mkubwa zaidi. Alikuwa anabaki na funguo? Aendelee kubaki na funguo.

HATUA YA 4: Sheria chache, na nani anazisema

Nyumba mbili zilikuwa na sheria mbili, huku simu zinakusanywa saa tatu usiku na kule kila mtu na simu yake kitandani. Wazazi kaeni wenyewe kwanza, mgombane huko huko chumbani kwenu, mtoke na sheria tano sita hivi ambazo zinawahusu wote sawasawa. Heshima ya lugha, kugonga mlango, kutochukua kitu cha mtu bila kuuliza, zamu za kazi za nyumbani, muda wa simu, muda wa kurudi. Zikizidi hapo hamtazisimamia.

Afu hili ndo wengi tunalikosea. Mwanzoni, anayegombeza na kutoa adhabu ni mzazi mwenyewe wa yule mtoto. Mzazi wa kambo anakumbushia tu, "mama yako alisema simu saa tatu", kama ambavyo angefanya mjomba aliyeachiwa watoto wikiendi. Ukija na mkono mzito mwezi wa kwanza, yule kijana hatagombana na wewe peke yako, atahamishia kwa mwanao, maana machoni kwake mwanao ndo mtoto wa mfalme hapo ndani. Ukaribu ukishakuwepo, na hapo tunaongelea miaka sio wiki, sauti yako itapata uzito taratibu.

Vikao muwe navyo lakini vifupi, dakika 20, na kijana aruhusiwe kusema sina la kusema leo. Na usije na ile ya "mtoto hana kauli", haki ya mtoto kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu imeandikwa mpaka kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto wa 1989, kifungu cha 12. Kusikilizwa sio kukubaliwa kila kitu, hilo wanalielewa vizuri tu ukiwaeleza.

HATUA YA 5: Kila mtoto na mzazi wake, peke yao

Kila wiki, lisaa limoja au mawili, wewe na wako bila wale wengine. Usijione unabagua. Mtoto ambaye kwa miaka alikuwa na mama yake peke yao, akimkosa kabisa baada ya ndoa, atamtafuta aliyemchukua, na hatamlaumu baba wa kambo peke yake, na watoto wake pia. Kwa upande wetu hii ilifanya kazi kuliko vikao vyote. Mwanangu wa kwanza tulikuwa tunaosha gari wote, hatuongei sana, siku moja ndoo mkononi akasema tu, "Baba, kwani yule akiharibu daftari langu mbona unacheka?" Ningekuwa sijapata lile lisaa nisingesikia hiyo sentensi maisha.

Kuhusu wao kwa wao, punguza zile safari za familia nzima kupiga picha ya pamoja na nyuso zimenuna. Wape kitu cha kufanya wakiwa bega kwa bega, wawili wawili: gemu, kutengeneza baiskeli, kupaka rangi ukuta wa chumba chao wenyewe. Vijana, hasa wavulana, wanazoeana wakiwa wanaangalia kitu kingine.

HATUA YA 6: Wakigombana

Watagombana. Hata wa tumbo moja wanagombana. Vigombano vidogo waachie, usiwe hakimu wa nani kamaliza dawa ya mswaki, maana hakimu ambaye mmoja wa washtakiwa ni mwanae hawezi kuaminika hata akihukumu haki.

Ila kuna mambo ambayo hukai pembeni hata dakika moja: kupigana, kuharibu kitu kwa makusudi, kumtusi mzazi wa mwenzie ambaye hayupo (aliyefariki au aliyeachana, hili linakata kuliko kisu), na kurusha picha au meseji za mwenzie kwenye magrupu. Hapo unawatenganisha kwanza, kila mmoja anaongea na mzazi wake, wakishapoa ndo mnakutana. Na swali la kuuliza sio "nani kaanza", uliza "nini kilibadilika kwako wiki hii." Mara nyingi utakuta mfuko.

Usiwalinganishe matokeo ya shule. Kamwe. Hata kwa utani, hata kwa kumsifia aliye wako wa kambo ili uonekane huna upendeleo.

Na kuhusu usawa, kuna kitu kitatokea ambacho huna mamlaka nacho: mzazi wa nje atamletea wake simu mpya, na wale wengine wana simu iliyopasuka kioo. Usimnyang'anye, usimlazimishe kuchangia. Wa kwako aliyekosa umkalishe umwambie ukweli, kwamba imetoka kwa baba yake, na mimi siwezi kununua ya aina hiyo sasa hivi, na najua inauma. Acha iume. Kinachowachanganya ni pale ambapo tunajifanya hatujaona.

HATUA YA 7: Milango, nguo, na lile tusilolisema

Vijana wawili ambao hawakukua pamoja, wamekutana na miaka 15, wanaweza kuvutiwa. Sio laana wala sio mapepo. Edvard Westermarck, msomi wa Finland, alishaandika toka 1891 kwamba watoto wanaolelewa pamoja toka wadogo kabisa kwa kawaida hawavutiwi kimapenzi wakishakuwa wakubwa. Hawa wa kwako hawakupata huo utoto wa pamoja, kwa hiyo ile breki haipo, na ubongo haujui kwamba ninyi mmefunga ndoa.

Kwa hiyo weka utaratibu kabla hakujatokea kitu, na uuseme kwa sauti ya kawaida kama unavyosema zamu za vyombo. Mlango unagongwa na unasubiri kujibiwa. Bafuni panafungwa kwa ndani, kama kitasa kimekufa kitengeneze wiki hii hii. Hamna kutembea na taulo tu koridoni. Hamna kumpiga mtu picha akiwa amelala au chumbani kwake. Ukihisi kuna mvuto, usipige kelele wala kumuaibisha mtu, ongea na kila mmoja na mzazi wake, mwambie hisia zinakuja ila nyumba hii inahitaji watu wote wawe salama, afu badilisha vyumba na ratiba kimya kimya.

Lakini kama mmoja anamshika mwenzie bila kutaka, anamtishia, anamlazimisha chochote, hayo sio mambo ya familia ya kumaliza kimya kimya. Muamini anayesema, watenganishe siku hiyo hiyo, na utafute msaada nje, daktari, ustawi wa jamii, polisi. Kuokoa jina la ndoa mpya sio sababu.

HATUA YA 8: Yule anayekuja wikiendi

Kuna familia mtoto mmoja anaishi hapo na mwingine anakuja kila baada ya wiki mbili. Kitanda chake kisigeuzwe stoo. Akikuta maboksi juu ya godoro lake, umeshamwambia kila kitu. Mswaki wake ubaki pale pale. Na akitoka kwa mzazi mwingine mpe masaa machache ya kununa, anahama dunia mbili kila mara na hajapewa muda wa kupumua. Wala usimpeleleze ya kule.

Na kama anaogopa kwamba akiwapenda hawa atakuwa anamsaliti mzazi wake wa kule, msaidie kwa kutomsema vibaya huyo wa kule. Hiyo tu.

Mtoto mpya akizaliwa kwenye ndoa yenu, rudi hatua ya 2 uanze tena, maana vyumba vitabadilika.

KWAKO WEWE KIJANA, kama umeachiwa simu usome

Mdogo wangu, hujalazimishwa kumpenda mtu. Ulichoombwa ni kutomuumiza, na yeye kaombwa hivyo hivyo. Kabla hujamkasirikia kwa kitu, jiulize kama ni yeye aliyekiamua au ni wakubwa, na kama ni wakubwa nenda kwa mzazi wako, chagua muda ambao hajachoka, sema kitu kimoja tu unachotaka kibadilike. "Nataka meza iwe yangu saa kumi mpaka saa kumi na mbili" inafanyiwa kazi. "Hamnijali humu ndani" inaleta hotuba. Ukiona umekaa wiki mbili hivi hulali, huli, shule huielewi, au unawaza kujidhuru, mwambie mtu mzima yeyote unayemuamini, mwalimu, shangazi, yeyote, leo, sio wikiendi.

HATUA YA 9: Muda

Mkishapita miezi sita na bado wanasalimiana kwa mdomo wa pembeni, mko kawaida. Huyo huyo Hetherington aliona kwamba familia hizi huchukua kama miaka 5 mpaka 7 kutulia, na miaka miwili ya mwanzo ndo ya moto. Sasa mtoto mwenye miaka 15 leo, piga hesabu, anaweza kuwa ameshaondoka nyumbani kabla hamjatulia. Mi na yule wa begi tuliishi miaka minne chumba kimoja tukiwa watu wa "zima taa basi". Tulianza kupigiana simu nikiwa na 23, na ni yeye aliyeanza, alikuwa anauliza kitu cha ajabu tu, eti lile kabati letu lilienda wapi.

Nilimwambia habari za mfuko siku hiyo. Alikaa kimya kidogo afu akasema, "Na mimi begi langu nilifungashiwa."

Kwa hiyo kama mnahamia wikiendi hii, achana na maputo ya kuwakaribisha, nenda ukamgongee mlango yule mwenye chumba, umuulize ni upande gani wa kabati anataka kubaki nao.